Vidole vya Kipa

Shuleni Katuba, kituo cha kuandikisha wapiga kura,
mashine inataka vidole vinne kwa pamoja, vimelala.
Vya baba havilali.
Kijana wa mashine anavikandamiza juu ya kioo.
Taa nyekundu. Tena. Nyekundu.
Foleni nyuma yetu imepita choo cha wavulana
na mama mmoja anauliza kama mzee amekuja kujifunza kinanda.

"Mzee, vidole hivi vilifanya nini?"

Asingeuliza.

Hiki kidogo, baba anasema, ni Likasi.
Penalti, dakika ya themanini na nane, mvua ya Januari.
Mfupa ulitoka, mpira haukutoka.
Rais wa timu akanizawadia baiskeli,
mnyororo akasema utafuata.
Cha pete ni Kolwezi: miezi minne, mshahara wa mmoja.
Cha kati si mpira, ni mlango wa lori, Kasumbalesa,
nikivuka kwenda kwa mtu aliyeniahidi mkataba,
na ng'ambo hakuna aliyelijua jina lake.
Cha shahada... anakitazama. Cha shahada kimejipinda chenyewe,
kwa kuwaonea wenzake huruma.

Mimi nilimjua kwa mabegi.
Aliondoka na la bluu, akarudi na la kijani,
timu kumi na moja katika miaka kumi na tisa,
na katika nyingi alikuwa namba mbili:
alimpigia kipa wa kwanza mashuti kabla ya mechi
mpaka mwenzake akatoa jasho la kutosha,
kisha akavaa glavu zake, akakaa.
Kukaa nako ni kazi, alituambia,
ukikaa vibaya utaingia uwanjani umelala.

Mama aliuza barafu ya vifuko.
Umeme ulikuja usiku wa manane, naye aliamka nao,
akijaza maji, akifunga mafundo kwa meno.
Baba akiwa nyumbani, vifuko viwili havikuuzwa kamwe:
kimoja cha goti, kimoja cha mkono.
"Goti lako," mama alisema akihesabu franga,
"wiki hii limekunywa unga wa bukari ya siku mbili."

Jumapili moja tu, Kamalondo, watu mpaka juu ya kuta,
kipa wa kwanza akaamka na malaria.
Tulibebwa mabegani kwenda kumwona.
Alifungwa manne.
La tano aliligusa kwa ncha ya ukucha, likapita juu ya mwamba,
na hadi leo, ukimuuliza habari za siku ile,
atakusimulia la tano.

"Kazi?" kijana anasoma fomu.
"Kipa."
Kijana anatafuta. Mashine ina mkulima, ina mwalimu,
mchimbaji, dereva, fundi, mchungaji,
na chini kabisa, bila kazi.
"Nikuweke hapo, mzee?"
Baba anageuka kunitazama
kama mtu anayetazama benchi, kujua kama ni yeye anayeitwa.
"Weka fundi," nikasema.
"Fundi wa nini?"
"Weka tu fundi."

Kuhusu vidole, kulikuwa na kisanduku cha walemavu.
Akabonyeza mara nne mkono wa kulia,
mara nne wa kushoto, akaacha magumba.
Kadi ikatoka ya moto, na picha ya baba
akiwa amefumba jicho moja.

Nyumbani alimwonyesha mama mlangoni pa jiko.
"Mwadi, serikali imeandika sina vidole."
Mama hakuinua kichwa kutoka kwenye friji.
"Kamalondo walishasema hivyo, wote, kwa sauti."

Wakacheka hadi baba akashika goti.
Naye mama, mgongo bado umetugeukia,
akarusha kifuko cha barafu juu ya bega lake, kuvuka ua,
bila kuangalia kilikokwenda.